"Mbwa 1, mweusi"

Hayo tu ndiyo niliyoyakuta kwenye daftari la kituo cha mbwa waliopotea, pale walipompokea mbwa wangu Simba. Radi ilipiga usiku, akaruka ukuta wetu wa mawe hapa Himbi, mtaa wa Goma, wasamaria wakamwokota wakampeleka huko. Mpaka hapo, aksanti sana. Nilipofika siku ya tatu, kijana wa zamu akaniambia bila haya: "Mama, mwenyewe alishamchukua. Alimwita Simba, mbwa akatikisa mkia."

Goma hii, ni parseli ngapi, yaani nyua za watu, hazina mbwa anayeitwa Simba? Na mbwa aliyeshinda njaa siku mbili atamnyima nani mkia?

Nikilalamika, wajuaji wananijibu: chipu! Haya, chipu ni nzuri, sikatai. Ni kama punje ya mchele, inakaa chini ya ngozi kati ya mabega, haina betri, wala haikatiki kama mkanda wa shingoni. Lakini inachotoa ni namba ya tarakimu 15, basi. Haisemi mama fulani wa Himbi, wala haionyeshi mbwa alipo. Kama namba hiyo haikuandikishwa pamoja na jina na simu yako, ni sawa na kadi ya mchaguzi iliyofutika wino, na sisi tunazijua hizo. Halafu mashine ya kuisoma iko wapi pale mlangoni?

Kalamu, lakini, ipo. Mbwa akiingia tu, kabla hajaja wa kumdai, mpige picha pande zote, andika alikookotwa, dume au jike, makovu yake. Simba ana sikio la kushoto lililochanika na kidole kimoja cheupe mguu wa nyuma. Sikio liweke WhatsApp ukitaka. Kidole kifiche! Anayesema ni mbwa wake akitaje mwenyewe. Akishindwa, alete kaneti (kijitabu) ya chanjo, picha za zamani, hata jirani. Simu ukiiokota, si unamwambia anayeidai aifungue kwanza?

Najua, vijana wale hawalipwi cha maana na mbwa ni wengi. Sawa. Mstari mmoja zaidi ungemaliza wino?

Kaneti ya chanjo ya kichaa cha mbwa nilikuwa nayo mkobani, na mihuri yote. Hakuna aliyeiuliza. Namba aliyoiacha yule bwana haipiti.

Siku hizi nikipita avenyu za watu naita "Simba!" kwenye mageti. Jana walibweka watatu.