Bolti nne za Renton

Kila ndege ya Boeing inapotiliwa shaka, hakosekani wa kusema: wamegawa kazi mno kwa kampuni za nje, wairudishe nyumbani. Kwa 787 Dreamliner hoja hiyo ina miguu. Boeing iliwaachia washirika wake wasanifu vipande vikubwa na hata kujichagulia wasambazaji wao: mabawa Nagoya, sehemu za bodi Grottaglie kule Italia, nyingine South Carolina. Julai 2007 ndege ya kwanza ilizinduliwa kwa shangwe, kumbe imeshikizwa kwa vifungio vya muda. Abiria waliipanda 2011, zaidi ya miaka mitatu nje ya ahadi. Januari 2013 betri zilizoundwa Kyoto zikatoa moto na moshi, 787 zote zikazuiwa kuruka. Ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Ethiopian, Aprili, Addis Ababa hadi Nairobi.

Basi warudishe? Hapo ndipo ninaposita.

Tarehe 5 Januari 2024 kizibo cha mlango, yaani paneli inayoziba nafasi ya mlango usiotumika, kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kilichomoka angani, muda mfupi baada ya ndege kuondoka Portland. Kizibo kiliundwa Malaysia, kikafungwa kwenye bodi kwa msambazaji huko Wichita, Kansas, kikafika Renton, kiwanda cha Boeing yenyewe. Ni rahisi kuilaumu Malaysia. Wachunguzi walikuta kwamba kizibo kilifunguliwa Renton ili riveti (pini za kushikiza mabati) mbovu za Wichita zirekebishwe. Kikafungwa bila bolti zake nne, na hakuna aliyeandika kuwa kilifunguliwa. Kosa la mwisho lilifanyika uani kwa Boeing.

Na kununua viwanda si dawa. Kile cha South Carolina Boeing ilikinunua 2009. Bado, kuanzia katikati ya 2021 hadi Agosti 2022, haikukabidhi 787 hata moja, moja ya sababu ikiwa mianya myembamba kama karatasi kwenye maungio ya bodi. Umbali huficha kosa, sikatai, hasa mkaguzi wako asipokuwa na ruhusa ya kusimamisha kazi kwa msambazaji wa msambazaji. Ila daftari lisiloandikwa halijali liko Kansas au Kuala Lumpur.

Air Tanzania nayo ina Dreamliner na MAX 9. Mhandisi anayetumwa Marekani kupokea ndege huikuta kuta za ndani zimeshafunikwa. Bolti ziko nyuma ya kuta hizo. Anachobaki kukagua ni makaratasi.