Haikuwa ndoo, ni funda moja tu

Najua mmeshaisikia ile voisi ya rafiki yangu kuhusu mimi na safari yetu ya kuonja mvinyo. Ngojeni niseme mwenyewe, maana kwake imeshakuwa ndoo nzima. Ilikuwa funda moja. Haya, moja na nusu.

Jumamosi, kijiji cha Barolo, huko Piemonte, Italia, kwa familia inayotengeneza mvinyo. Tumeshuka ghala la chini ya ardhi, mapipa ya mbao makubwa kuliko chumba changu cha Torino. Tukaanza na mvinyo wa Dolcetto (jina linasema "katamu", sukari hakuna), ikaja Barbera, halafu Barolo yenyewe. Kuiona, rangi hafifu kama chai ya rangi iliyokamuliwa limau, nikaidharau. Kumbe ina ukakasi wa ndizi mbichi! Mzee mwenye ghala akatueleza kuwa kisheria inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Mimi natikisa kichwa kitaalamu, nameza kila nilichopewa.

Hapa sasa twende taratibu.

Mzee akachukua chombo cheupe cha udongo, akatupa mgongo, akakiinamia. Akampa mama mmoja wa Kijerumani. Mama naye akakiinamia, akafuta midomo, akampa mumewe. Wachagga wenzangu, semeni kweli, mngewaza nini? Kama kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi: mwenye pombe kaonja kwanza, kata inazunguka! Nilikaribia kutoa machozi. Kumbe na wazungu wana mbege yao.

Kikanifikia. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamwinamia mzee kwa adabu. Kilikuwa kizito, hapo tu ningeshtuka. Mzee akafumbua mdomo, nikadhani anatabasamu. Nikakiinua.

Uvuguvugu. Ndugu zangu, ghala lile lina baridi, na mvinyo wake wa baridi. Huu ulikuwa na joto la watu. Halafu kipande cha mkate kikanigonga meno.

Kimya. Yule mama kashika kifua. Rafiki yangu akasema kwa Kiswahili, pole pole kama anaongea na mgonjwa: "Kaka, hicho ni cha kutemea."

Chombo cha kutemea ninacho mkononi. Nikameza.

Maji, samahani nyingi, chupa mbili nimenunua kwa aibu tu, basi, nyumbani.

Na wewe uliyekuja inboksi kuniuliza ulikuwa mvinyo wa mwaka gani, nimeshakublock.