Afya Inaanzia Mezani kwa Mchora Ramani

Ukitaka kujua jengo linavyogusa afya ya mtu, anza na hewa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, Peru. Watafiti walitaka kujua hewa ya wodini hubadilika mara ngapi kwa saa, madirisha na milango ikiwa wazi. Katika majengo ya kabla ya 1950, yale ya dari za juu na madirisha mapana, ilibadilika mara 40. Katika majengo mapya zaidi yanayotegemea madirisha, mara 17. Vyumba vya kutengea wagonjwa vinavyoingiziwa hewa kwa mashine walivipigia hesabu ya mara 12, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya aina hiyo. Kisha wakakadiria: mtu akikaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu ambao bado hawajatibiwa, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 39 kwenye vyumba vya mashine, 33 kwenye majengo mapya, na 11 tu kwenye yale makongwe.

Yaani mchoraji aliyekwisha kufa zamani, aliyeamua dari ipande na dirisha liwe kubwa, bado anawakinga watu hadi leo. Na yule aliyebana dari ili apate ghorofa moja zaidi anawaambukiza, ingawa hakuna atakayempeleka popote kwa kosa hilo.

Hili linaniuma kwa sababu maarifa yenyewe ni ya zamani. Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, alihangaika nayo karne ya 19: wodi nyembamba, madirisha pande zote mbili, hewa ipite huku na kutokea kule. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa 1871, ilijengwa kwa kufuata fikra hizo. Siku hizi tunajenga masanduku ya vioo visivyofunguka, tunatundika viyoyozi, halafu umeme ukikatika watu wanabaki wakivuta pumzi za wenzao. Sina ugomvi na kiyoyozi, maana joto kali nalo linaua. Ugomvi wangu ni na dirisha lisilofunguka. Nimekaa mara nyingi kwenye korido za kusubiria daktari: benchi limesukumwa ukutani, watu wamebanana bega kwa bega, huyu anakohoa, yule amebeba mtoto mwenye homa, na kidirisha pekee kiko juu kabisa, kimepigwa misumari. Mtu anaingia na mguu uliovimba, anaondoka na mafua ya jirani yake.

Kuna watu wanaodhani habari hizi ni za wenye pesa, za bustani juu ya paa na mbao za bei ghali. Hebu watazame Meksiko. Kuanzia mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila iliwapa familia maskini zege la kufunika sakafu za udongo. Hawakupewa dawa wala chakula, walipewa zege. Wachumi walipokwenda kupima baadaye walikuta kwamba nyumba ambayo sakafu yake yote imesakafiwa, watoto wadogo wanapungukiwa na vimelea vya tumboni kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Mama zao nao walikuwa na msongo mdogo na furaha zaidi. Mtoto anayetambaa hukaa sakafuni kutwa. Anachokiokota anakitia mdomoni, na yai la minyoo linaishi vizuri kwenye udongo wenye unyevu kuliko kwenye saruji kavu inayofagilika. Ni jambo la wazi hivyo, na bado bajeti ya afya ya watoto ukiifungua utakuta vidonge vya minyoo, hutakuta mifuko ya saruji.

Gambia nako walijaribu kuweka nyavu kwenye milango na madirisha na kuziba upenyo kati ya ukuta na paa, njia kuu ya mbu waenezao malaria. Mbu walioingia ndani walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu wakapungua pia. Huyo fundi aliyeziba upenyo amefanya kazi ya muuguzi.

Tukitoka nje ya nyumba, mambo yanatisha zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Tunazoea kuwalaumu madereva. Wapo wa kulaumiwa, lakini dereva huisoma barabara. Ukimpa lami pana, iliyonyooka, isiyo na mti wala kona, atakanyaga mafuta hata kama kibao kimeandikwa 30. Ukiipunguza njia upana, ukanyanyua kivuko kiwe usawa wa njia ya miguu, ukaweka kisiwa katikati ambapo mzee mwenye mkongojo anaweza kusimama na kupumua kabla ya kumalizia nusu ya pili, mguu wa dereva utalegea wenyewe. Oslo ilishusha mwendo na kuondoa mamia ya maegesho ya magari katikati ya mji, na mwaka 2019 hakuna hata mtembea kwa miguu mmoja wala mwendesha baiskeli mmoja aliyeuawa na gari jijini humo. Ule ni mji mkuu wa Norwei, wenye msongamano na baridi kali.

Halafu kuna mambo madogo yanayonigusa kuliko hata hizo takwimu. Sanatoria ya Paimio huko Ufini, aliyoichora Alvar Aalto na kukamilika 1933, ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu, watu waliolala chali miezi kwa miezi. Aalto alijiuliza huyu mtu anaona nini akiwa amelala, akaipa dari rangi tulivu na kuweka taa mahali ambapo hazimchomi macho. Sinki alilichonga kwa mteremko maalumu ili maji yakianguka yasipige kelele, mwenzake wa kitanda cha pili asiamke. Fikiria kwamba kuna mtu alikaa na kuwaza juu ya sauti ya maji kwa ajili ya usingizi wa mgonjwa asiyemjua. Na mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba mawazo ya namna hiyo yana faida inayopimika: katika hospitali moja ya Pennsylvania, waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo wakalazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali chache za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Ninachodai ni hiki: afisa wa afya awe na saini kwenye kibali cha ujenzi, saini yenye meno, sawa na ile ya mhandisi anayethibitisha kwamba nguzo hazitaanguka. Aulize hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Aulize chumba cha kulala kinapata mwanga saa ngapi, na mtoto atavuka vipi kwenda shule. Ramani ikionyesha dirisha linalotazama ukuta wa jirani ulio mkono mmoja mbali, irudishwe kwa mchoraji siku hiyohiyo, kabla tofali la kwanza halijawekwa, maana baada ya hapo kila marekebisho ni kubomoa na hakuna anayekubali kubomoa.