Kishikwambi Kilichomfupisha Sangara

Ofisi yetu ilipotangaza kwamba itachangia nusu ya bei ya kishikwambi kwa kila mtumishi anayezunguka mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, kutoa mafunzo, masharti yalikuwa matatu: kifaa kiweze kuonyesha slaidi mbele ya wavuvi, kiweze kusomea nyaraka za kazi, na kiwe kidogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba wa begani. Sharti la nne halikuandikwa popote, ila kila mtumishi alilielewa: kiweze pia kuonyesha tamthilia na mechi ndani ya meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ambamo mtu hukaa muda mrefu akitazama maji yale yale.

Nililichukulia jambo hili kwa uzito ambao mke wangu aliuona umepita kiasi. Nilizunguka maduka ya katikati ya jiji la Mwanza, kuanzia Barabara ya Kenyatta hadi upande wa Makoroboi, nikiwa na karatasi moja ya A4 niliyochapisha kutoka Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ukurasa wenye jedwali la maandishi madogo kuliko yote. Kila nilipoonyeshwa kishikwambi, niliikunja karatasi ile katikati na kuilaza juu yake. Wauzaji walinitazama kama mtu anayefanyia simu zao dawa.

Baada ya mzunguko huo walibaki washindani watatu. Wa kwanza alikuwa Kindle, ambayo kioo chake cha wino wa kielektroniki kinasomeka hata chini ya jua kali la ufukweni, pale ambapo vioo vingine vyote hugeuka vioo vya kujitazamia. Lakini kifaa ambacho hakikuumbwa kwa ajili ya video hakiwezi kumvusha mtu hadi Nansio akiwa na akili timamu, kwa hiyo nilikiaga kwa heshima. Wa pili alikuwa iPad mini ya inchi 8.3, nyepesi, haifiki gramu 300, na karatasi yangu iliyokunjwa ilikizidi kidogo tu pande zote. Wa tatu alikuwa kishikwambi cha Android cha inchi 8.7, chembamba na kirefu, ambacho sitakitaja jina kwa sababu yaliyofuata hayakuwa ya kumsifia mtu.

Hapo ndipo hesabu zilinipa raha. Mtu angedhani kile cha inchi 8.7 kingeonyesha ukurasa mkubwa zaidi, kumbe sivyo, kwa sababu urefu wake wa ziada huliwa na mistari myeusi juu na chini ya ukurasa. Upana, ambao ndio unaosomwa, ulikuwa karibu sawa kwenye vyote viwili, kama sentimita kumi na moja na nusu. Tofauti ilikuwa kwenye nukta zinazounda picha. iPad mini ilikuwa na nukta 1488 katika upana huo, na mwenzake nukta 800, hivyo jedwali langu lilisomeka safi kwenye iPad, na kwenye mwenzake tarakimu 3 na 8 zilifanana kama mapacha. Kwa upande wa video mambo yaligeuka, kwani umbo lile refu linakaribiana na umbo la filamu za siku hizi na picha hujaa vizuri, ilhali iPad mini huacha mistari myeusi minene na kufanya mechi ichezwe kwenye kiwanja kidogo zaidi.

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa kishikwambi baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, alinikumbusha nitazame nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ambayo iPad haina. Kilichomaliza mjadala, hata hivyo, kilikuwa bei. Hata ofisi ikitoa nusu, nusu yangu peke yake kwa iPad mini ilizidi bei nzima ya kile kingine.

Nilikuwa na swali moja tu lililobaki, nalo lilihusu ukuta. Nilijua kwamba iPad mini za miaka ya karibuni hutoa picha kupitia tundu la USB-C kwenda kwenye projekta, nikamuuliza kijana wa dukani kama hiki nacho hufanya hivyo.

“Mkuu, tundu si ndilo hilo hilo?” akajibu, akinionyesha kwa kucha.

Tundu lilikuwa lile lile kweli. Umbo la tundu la USB-C, hata hivyo, halimwambii mtu kama ndani yake kuna njia ya picha au kuna njia ya chaji na mafaili tu, na hiki kilikuwa cha aina ya pili. Tulipojaribu kwa waya, projekta ilibaki na rangi ya bluu. Kijana hakutahayari hata kidogo. Alitoa kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la picha la HDMI na kupokea picha kwa hewa kutoka kwenye kishikwambi, na niliposema projekta yetu ni ya zamani, yenye tundu la VGA tu, akatoa adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Tulijaribu kwenye ukuta wa duka, picha ikatoka, nikalipa. Ilikuwa picha ya maua, na ua hakuna anayejua urefu wake.

Sasa lazima nieleze somo langu. Kanuni zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na katika miaka yangu ya kuzunguka mialo nimegundua kwamba maneno hayamshawishi mvuvi, bali samaki. Kwa hiyo slaidi yangu ya pili ina sangara wa sentimita 60, kando yake rula yenye alama, na nimeipanga ili samaki atokee ukutani kwa ukubwa wake halisi. Siri yake ni kamba ya katani ya mita tatu: ncha moja ukutani, ncha nyingine kwenye lenzi ya projekta, na sangara anakuwa sentimita 60 barabara. Kwa kompyuta mpakato ya ofisi jambo hilo halikuwahi kukosea, ila kompyuta yenyewe ilikuwa imefikia umri wa kuzimika katikati ya sentensi.

Tulikutana kwenye mwalo mmoja upande wa Igombe, ndani ya kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea mechi na filamu, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye giza mchana. Mwenye kibanda, mama mmoja wa makamo anayeuza pia sambusa mlangoni, alitupa chumba bila malipo kwa sharti la kumaliza kabla ya mechi ya saa kumi. Nilisalimia kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, nikaitikiwa kwa kelele za furaha, nikampa shikamoo mzee mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, nikapima kamba yangu na kuwasha mnyororo wangu: kishikwambi, hewa, kidude, adapta, projekta. Picha ikatoka mara ya kwanza. Nilijisikia mtaalamu.

Slaidi ya pili ilipotokea, kibanda kilinyamaza kwa namna ambayo si ya kusikiliza.

“Mtaalamu,” akasema mmoja wa waliokaa mbele, “huyo ni sato?”

Nikamwambia ni sangara. Nikageuka kumwangalia mwenyewe na kuona kwamba, kwa kweli, alikuwa na tumbo la kutisha na mgongo ulioinuka, kana kwamba amebanwa kichwa na mkia na mlango wa daladala. Mjadala ukazuka. Upande mmoja ulishikilia kuwa ni sato, na kama ni sato basi ni sato wa ajabu. Upande wa pili ulisema ni sangara mgonjwa. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, hakushiriki. Alinyanyuka, akachomoa tepu ya chuma mfukoni, akaibandika ncha yake kwenye mdomo wa samaki na kuivuta polepole hadi mkiani, huku kivuli chake kikimfunika samaki nusu. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

“Arobaini na tano,” akatangaza.

“Soma rula ya mtaalamu!” wakapaza sauti.

Fundi akasoma rula iliyokuwa kando ya samaki ukutani. Sitini.

Kwa sekunde chache watu walikuwa wanahesabu kichwani, na kisha vijana wa nyuma ndio waliofika kwanza kwenye jibu. Rula inayomsoma samaki wa arobaini na tano kuwa ana sitini ni rula ambayo mvuvi yeyote wa Ziwa Victoria angeipokea kwa mikono miwili. “Hiyo rula mtugawie!” akalia mmoja, na kibanda kizima kikaitikia. Mwenyekiti aligonga meza akisema kwamba katika uhai wake hajawahi kuona ofisi ikituma mtu kuja kufundisha uvuvi haramu kwa projekta.

Nilijaribu kurekebisha. Katika kukishika kishikwambi kwa haraka nilikisimamisha wima, nacho, kwa utii wake, kikageuza picha. Sangara akasinyaa hadi katikati ya ukuta, urefu wa sentimita 20 hivi.

“Amekuwa dagaa!” Watu walishuka kwenye mabenchi kwa kicheko.

Aliyeniokoa ni mama mwenye kibanda. Alikuwa amesimama mlangoni na kikaango mkononi, na alimtazama sangara yule, baada ya kurudi kwenye unene wake, kwa jicho la mtu anayemfahamu. “Kaka, hata wachezaji wangu walikuwa wanatoka hivyo, wafupi wanene, golikipa kama pipa,” akasema. Alifuta mkono kwenye kanga, akabonyeza kitufe kilichoandikwa ‘menyu’ juu ya projekta, akatafuta mahali pa umbo la picha na kubadilisha. Ndipo nilipoelewa kilichotokea. Kidude kile hutoa picha pana ya umbo la 16 kwa 9, na projekta yetu ni ya 4 kwa 3. Ilikuwa imeamriwa ijaze ukuta, hivyo iliibana picha nzima kwa upana hadi robo tatu, na robo tatu ya sitini ni arobaini na tano.

Sangara alirudi kuwa na umbo la sangara, mwembamba na mzuri. Nikamwomba fundi apime tena.

“Arobaini na tano,” akasema.

Picha pana kwenye projekta ya umbo la zamani huacha mistari myeusi juu na chini, kwa hiyo samaki alikuwa amepungua kimo lakini upana wake ulibaki ule ule. Dawa ilikuwa moja tu: kuirudisha meza nyuma kwa theluthi, kutoka mita tatu hadi mita nne. Kibanda, kwa bahati mbaya, kiliishia kabla ya mita nne. Vijana wanne waliinyanyua meza na projekta yake ikiwa inawaka, wakarudi nayo kinyumenyume, sangara akawa anarefuka ukutani kila hatua na watu wakimhesabia kwa sauti, arobaini na nane, hamsini, hamsini na tatu, hadi meza ikakaa mlangoni, miguu miwili ndani na miwili nje, pembeni ya jiko la sambusa, na mimi nikiwa nimekaa juani nikiwahutubia wasikilizaji walio gizani. Fundi akapima. Sitini.

Makofi yalikuwa makubwa, lakini mwenyekiti hakupiga. “Mwanangu,” akaniambia, “kama samaki anarefuka kwa kusogeza meza, basi na sisi siku doria ikija tutakwenda ziwani na meza.”

Video ya kuhifadhi samaki kwa barafu ilionyeshwa kwa haraka kwa sababu mashabiki walikuwa wameshaanza kukusanyika nyuma yangu, na baadhi yao waliitazama hadi mwisho wakidhani ni tangazo la kabla ya mechi.

Mkuu wangu aliniuliza kama ningepewa nafasi ya kuchagua tena ningechukua kipi. Nilimjibu kwamba kwa kusoma ningechukua iPad mini bila kufikiri, kwa safari ya Nansio ningebaki na hiki hiki, na kwa ukuta wa kibanda umiza ningemwajiri mama wa sambusa. Alikuwa ananisikiliza kwa nusu sikio, kwani mbele yake kulikuwa na muhtasari uliotumwa na katibu wa BMU. Ulieleza kwa lugha fasaha kwamba samaki mmoja alipimwa mbele ya wajumbe na kupatikana na sentimita 45, takribani 20, 45 tena, na hatimaye 60. Kwamba mafunzo yalipokelewa vizuri. Na kwamba wajumbe kwa kauli moja wanaiomba ofisi iwaletee ile rula iliyotumika kabla meza haijasogezwa, moja kwa kila mtumbwi.