Utafiti wa Kilimanjaro haukusema turudi kihambani

Kila nikiutaja utafiti wa chakula uliofanyika Kilimanjaro, ule ulioonyesha kwamba chakula cha asili na cha mjini huibadili damu kwa namna tofauti, napata jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Hayo hata bibi yangu angewaambia, bila kumchoma mtu sindano." La pili, kwa kuwa pombe ya ndizi ya Wachagga nayo ilijaribiwa, huja na kicheko: "Kwa hiyo mbege ni dawa!" Sidhani wanaojibu hivyo wameusoma.

Ulichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine, kazi ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Waliochunguzwa ni wanaume 77 wa Kitanzania, wazima wa afya. Waliozoea vyakula vya asili, ndizi, maharage, ulezi, mboga za majani, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye kile watafiti walichokiita chakula cha kimagharibi (ingawa muuza chipsi wa kwetu hajawahi kuvuka bahari). Waliozoea hicho wakahamishiwa kwenye cha asili. Kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja, na wachache wakabaki na milo yao ili wawe kipimo cha kulinganishia.

Bibi alijua kwamba vya kukaanga kila siku vinanenepesha. Ambacho asingeweza kukijua ni kilichoonekana damu ilipochokozwa kwa vijidudu maabara. Kwa waliohamia chakula cha kimagharibi, kinga iliitikia kwa ulegevu, huku dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioonekana wala kuuma, zikipanda. King'ora kinalia usiku kucha, na mlinzi akiitwa anaamka kwa uvivu. Sisi tumezoea kupima madhara ya chakula kwa kitambi na sukari. Hakuna aliyesema vijana wale waliugua, lakini katika nchi ambayo bado ina malaria na kifua kikuu, mimi habari ya kinga inanitisha kuliko ya kitambi.

Halafu kuna hizo wiki mbili, ambazo hazinitoki kichwani. Wiki mbili ni muda wa Mchagga kupanda kwao kula Krismasi na kurudi Dar. Muda huo tu ulitosha kubadili damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa, tena alipopimwa wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Wanaoona hapa vitisho tu wanasahau kundi la pili: waliotoka kwenye chakula cha mjini kwenda cha asili, kwa sehemu kubwa uvimbe ule ulipungua. Njia ya kurudi ni fupi vilevile.

Wanaoshuku nao wana hoja. Watu 77 ni wachache, wote wanaume, na huwezi kujua kilichosaidia ni ulezi, ni majani, au ni kukosekana kwa soda. Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti lilionyesha, kwa Watanzania 323, kwamba damu ya wakazi wa mjini ina dalili zaidi za uvimbe kuliko ya wa vijijini, lakini hapo bado ungeweza kusema ni jembe na kutembea kwa miguu. Jaribio la 2025 lilikuja kufungua fundo hilo, na kwa kiasi kikubwa limelifungua.

Hoja nzito zaidi iko jikoni. Makande yanataka mkaa wa saa kadhaa. Kibandani viazi vimeshamenywa, mafuta yanachemka, mayai mawili yanagongwa ukingoni mwa kikaango, kachumbari juu, na dereva wa bodaboda ameshaondoka. Mwambie ale kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Atakuuliza nani amchemshie. Ana haki. Ila swali lake ni la muda na bei, wala halipunguzi chochote katika kilichoonekana kwenye damu.

Kuhusu mbege, tusidanganyane. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa zikachachuka, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, zikatiwa uchungu wa gome la msesewa. Ni pombe. Wiki moja ya majaribio si kibali cha kata ya tano. Na msomaji asiyegusa pombe asije akadhani togwa au mtindi wake umeshapata cheti. Kilichopimwa hapa ni mbege.

Ninachokisubiri ni jaribio lenye wanawake ndani yake, maana katika nyumba nyingi wao ndio wenye sufuria. Liende miezi, si wiki. Washiriki wanunue wenyewe pale soko la Mbuyuni mjini Moshi, kwa fedha yao, na bei ya kila mlo iandikwe pembeni ya majibu ya damu.