Al-Hariri kwa Kiingereza: tushike maana au mchezo?

"Lum akhan mall." Ni maneno matatu kutoka maqama (kisa kifupi cha nathari yenye vina) ya 16 ya al-Hariri wa Basra, mwandishi wa Kiarabu aliyefariki mwaka 1122. Maana yake nyepesi tu: mlaumu ndugu aliyekuchoka. (Hilo "lum" ni ukoo mmoja na "laumu" yetu.) Sasa yaandike kwa herufi za Kiarabu: lamu, mimu, alifu, khaa, alifu, mimu, lamu. Anzia kulia, anzia kushoto, unasoma kitu kilekile. Msemaji alikuwa akishindana na wenzake kutunga maneno ya namna hiyo. Huyo ndugu wala hayupo.

Mfasiri afanyeje? Thomas Chenery alitoa kwa Kiingereza maqama 26 za kwanza mwaka 1867, na Steingass akamalizia 24 mwaka 1898. Walishika maana, vina vya nathari wakaviacha, ujanja wa herufi wakaueleza pembeni. Mwanafunzi wa Kiarabu anawahitaji: anawafuata neno kwa neno, na hawamwekei al-Hariri maneno mdomoni.

Mwaka 2020 Michael Cooperson akashika njia nyingine. Kila moja ya maqama 50 aliipa Kiingereza chake: mara cha Chaucer, mshairi wa kale, mara cha mwandishi Mark Twain, mara cha Nigeria au cha Singapore. Wanaompinga wana hoja nzito. Al-Hariri hakuwa na lugha 50. Alikuwa na Kiarabu kimoja fasaha, akakipindapinda mpaka mwisho wa uwezo wake. Na Basra ya watu inafifia mtu akianza kusema kama muuza duka wa London.

Hata hivyo, kwa kitabu hiki niko upande wa Cooperson. Abu Zayd, laghai wa mji wa Saruj na mhusika mkuu wa visa hivi, anakula kwa ulimi wake. Watu wanamfungulia mifuko kwa sababu amewaacha vinywa wazi. Msomaji asiposhangaa naye, hataelewa kwa nini pesa zimetoka, na kisa kizima kinakosa sababu. Balagha, yaani ufundi wa kusema, hapa ndiyo inayosukuma matukio.

Kwa Kurani nisingekubali uhuru huo hata chembe. Mfasiri Pickthall, mwaka 1930, aliiita kazi yake ya Kiingereza "maana" ya Kurani, na alifanya vyema: anayeifungua anataka kujua ameambiwa nini.

Chenery naye sijamtoa mezani. Nikimaliza kisa kwa Cooperson, huwa namfungua yeye kuangalia al-Hariri alisema nini hasa.