Saini ya mama kwenye fomu ya mtoto

Mwanafunzi wa Marekani anayeomba msaada wa masomo wa serikali kuu hujaza fomu iitwayo FAFSA. Hadi Mei 2015 aliisaini mtandaoni kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Iliyofuata ni FSA ID, yaani akaunti yenye jina na neno la siri, ambayo kisheria ina nguvu ileile ya saini ya kalamu.

Mabadiliko hayo siyapingi. Zamani, pamoja na zile tarakimu nne, ulitakiwa kuingiza namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali kuu) na tarehe ya kuzaliwa kila unapoingia. Aliyeziiba alikuwa ameupata utambulisho wako mzima.

Tatizo liko nyumbani kwetu. Tangu fomu ya mwaka wa masomo 2024-25, mzazi ambaye taarifa zake zinahitajika lazima aridhie taarifa za kodi yake zichukuliwe. Asiporidhia, mtoto hapati ruzuku ya Pell, ambayo mwaka huo ilifika hadi dola 7,395. Sasa fikiria familia ya wakimbizi kutoka Kongo yenye simu moja. Binti anafungua akaunti yake kwa namba ya mama. Zamu ya mama ya kufungua yake ikifika, namba inakataliwa: imeshatumika. Wakipata nyingine, mama anaandika tarehe aliyozaliwa kweli, kumbe kumbukumbu za Social Security zinasema Januari 1, kama za wakimbizi wengi walioandikishwa hivyo kambini. Inagoma tena.

Na mtoto aliyelelewa na mama mdogo? Kwetu huyo ni mama. Fomu haimtambui kama mzazi ila awe amemuasili kisheria, kwa hiyo saini yake haifai kitu hapo.

Ndiyo maana watoto wengi huamua kufanya yote wenyewe, pamoja na neno la siri la mama. Wanaowatetea husema mama hajui Kiingereza na baadhi ya majimbo hugawa ruzuku zao mpaka fungu liishe, kwa hiyo kuchelewa ni kukosa. Uharaka huo naujua. Lakini akaunti hiyohiyo ndiyo inayosaini hati ya ahadi ya kulipa mkopo, na ndiyo inayoomba mkopo wa PLUS kwa jina la mzazi. Mama anaweza kujikuta na deni la maelfu ya dola asilolisoma wala kulisikia.

Kwa hiyo nasimama upande wa sheria: saini ibaki ya mtu mmoja. Ila serikali iliyodai saini hiyo inapaswa kumpa mama mkalimani na muda wa kutosha. Mpaka hapo, binti amsomee kila ukurasa kwa Kiswahili, asiruke hata mstari, kisha amwachie kibodi. Neno la siri mama aliandike mwenyewe, herufi kwa herufi, hata kama ni nusu saa.